Ipige Picha Ingali Hai

Mwenyekiti wa kikao, wahandisi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana kwenye ngazi kwa sababu viti vimejaa: nawasalimu nyote. Nimepewa dakika arobaini. Nitajitahidi nisizile zote, maana baada yangu kuna maswali, na utamu wa vikao hivi uko kwenye maswali.

Nianze kwa kukiri kosa. Kuna programu niliyokuwa naitunza, mahali nisipopataja, kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya malipo na kuyapanga kwenye foleni. Ilikuwa na tabia ya kuganda. Haifi, inaganda: mchakato, yaani programu ikiwa inatembea, upo, namba yake ipo, prosesa imetulia karibu na sifuri, logi imesimama kwenye mstari wa kawaida kabisa usiolalamikia lolote, na maombi yanazidi kurundikana mlangoni. Ilitokea mara moja kila baada ya wiki mbili tatu, na kama ilivyo ada ya mambo haya, usiku. Mara ya kwanza niliamshwa kwa simu, nikafungua kompyuta nikiwa nusu usingizini, nikaandika amri ya kuiwasha upya, nikaona foleni inasonga, nikarudi kulala. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile, tena safari hiyo nikajipongeza kwamba nimemaliza kwa dakika mbili.

Asubuhi yake msimamizi wangu akaniuliza: "Ilikuwa imekwama wapi?"

Sikuwa na jibu. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya kumbukumbu ya programu ile, na mimi ndiye niliyeufuta kwa mikono yangu, mara tatu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kumbukumbu ya mchakato ikisharudishwa kwa kiini cha mfumo (kernel) ndiyo imemwagika hivyo.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie jambo dogo sana: namna ya kuifanya programu inayoendelea kutembea itoe dampu ya kumbukumbu yake, yaani nakala ya yote yaliyomo iliyoandikwa kwenye faili, ili uipeleke mezani ukaichunguze kwa utulivu. Programu iliyoganda ni shahidi aliye hai. Chukua maelezo yake kwanza, ndipo umwache aende.

Jina lenyewe, kori dampu, ni la zamani kuliko wengi wetu humu ukumbini. Miaka ya 1950 kumbukumbu za kompyuta zilianza kufumwa kwa vipete vidogo vya feraiti vilivyopitishiwa nyaya, kila kipete kikishika biti moja kwa usumaku wake. Kompyuta ya Whirlwind pale MIT, ya kikosi cha Jay Forrester, iliwekewa kumbukumbu ya aina hiyo mwaka 1953. Kipete kiliitwa kori, na kumwaga yote yaliyomo kwenye vipete ili binadamu ayasome kukaitwa kumwaga kori. Semikondakta zikaviondoa vipete miaka ya 1970. Jina likabaki, nasi leo tunamwaga kori bila kuwa na kori hata moja ndani ya mashine.

Ndani ya faili hilo kuna nini? Data ya programu kama ilivyokuwa dakika ile, staki ya kila uzi (uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, na staki ni orodha ya kazi zilizoitana hadi uzi ukafika ulipo), thamani za rejista za prosesa, na ramani inayoonyesha maktaba zipi zilipakiwa na zilikaa kwenye anwani zipi. Mengi nitakayosema ni ya Linux, kwa kuwa ndiko seva zetu nyingi ziliko. Wenye Windows, bofyeni mchakato kwa kitufe cha kulia kwenye Task Manager mtaona chaguo la kutengeneza dampu, na kuna procdump ya Sysinternals kwa kazi nzito zaidi. Wenye macOS wanayo lldb na amri yake ya process save-core. Fikra ni ileile.

Sasa, njia ya kwanza ni ya kikatili: unaiua programu kwa namna itakayoifanya iache maiti. Si kila ishara, yaani ujumbe wenye namba ambao amri ya kill huupelekea mchakato, inaacha maiti, na hapa ndipo vidole vya wengi hukosea kwa sababu vimezoea kill -9. Ishara ya 9 haiachi kitu; mchakato unafutwa, basi. Ishara ya 15, ambayo kill huituma usipotaja namba yoyote, nayo haitoi dampu. Zinazotoa ni kama 3, yaani SIGQUIT. 6, yaani SIGABRT. Na 11, SIGSEGV, ambayo programu huipata ikigusa kumbukumbu isiyo yake. Mimi hutumia ya 6, hapa 4127 ikiwa namba ya mchakato:

kill -ABRT 4127

Programu ikiwa mbele yako kwenye terminali, huhitaji hata namba. Shika Ctrl ubonyeze mkwaju wa nyuma (\), SIGQUIT itaondoka. Na kwa kuwa nimeitaja ishara ya 9, nimalize hoja hiyo kabisa: mashine ikiishiwa kumbukumbu, kiini huchagua mchakato wa kuua, na silaha yake ni hiyohiyo 9. Mkiwa mnasaka dampu ya programu iliyouawa kwa ulafi wa kumbukumbu, msijisumbue, haipo. Hiyo ilibidi muipige picha mapema, ikiwa bado inanenepa.

Basi mara ya nne ilipoganda nilijiona mjanja. Nikatuma ABRT. Programu ikafa papo hapo, mwangalizi wa huduma akaiwasha upya, malipo yakaendelea. Nikaenda kulitafuta faili langu. Hakuna. Nikatafuta diski nzima kwa amri ya find, hakuna. Nilikuwa nimeua shahidi na maiti sikuipata.

Tusimame hapo kidogo, maana nimewaona watu wengi wakiangukia shimo hilo, wengine wana uzoefu wa miaka.

Kikwazo cha kwanza ni ukomo wa ukubwa. Andika ulimit -c kwenye terminali yako. Ikijibu 0, maana yake kiini kimekatazwa kuandika faili la dampu ya mchakato wowote utakaozaliwa na ganda hilo, yaani programu inayopokea amri zako kwenye terminali. Unaweza kuandika ulimit -c unlimited, lakini angalia: amri hiyo inalihusu ganda lako na watoto wake wa kuanzia hapo. Programu iliyowashwa wiki iliyopita haina habari nayo. Nimemwona mtu akiiandika kwenye dirisha moja, kisha akaenda dirisha lingine kuiua programu ya siku nyingi, akashangaa. Mchakato ulio hai una ukomo wake mwenyewe, na unasomeka kwa cat /proc/4127/limits. Ukitaka kuubadilisha bila kuigusa programu, kuna prlimit:

prlimit --pid 4127 --core=unlimited

Ukomo una sakafu mbili, laini na ngumu. Laini unaweza kuupandisha mwenyewe hadi ufikie mgumu. Kuupandisha mgumu kunahitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu. Na kama huduma inasimamiwa na systemd, mwangalizi wa huduma kwenye Linux nyingi, andika LimitCORE=infinity kwenye faili la huduma hiyo leo hii, wakati hakuna kinachoungua.

Kikwazo cha pili ni mahali dampu inapokwenda. Soma /proc/sys/kernel/core_pattern. Ukikuta neno core peke yake, faili litaandikwa kwenye folda ambayo mchakato wenyewe unafanyia kazi, ambayo huenda siyo uliyosimama wewe. Ukikuta njia yenye %e na %p, hizo ni nafasi za jina la programu na namba ya mchakato. Ukikuta mstari unaoanza na alama ya bomba, yaani |, basi dampu haiandikwi kama faili la kawaida: kiini kinaimimina ndani ya programu nyingine, na hiyo ndiyo inayoamua iiweke wapi. Kwenye mashine nyingi za leo programu hiyo ni systemd-coredump, na dampu zinakaa /var/lib/systemd/coredump zikiwa zimebanwa. Ubuntu kwa muda mrefu imetumia apport. Aliye na systemd-coredump hana haja ya find. Aandike coredumpctl list ataziona zimejipanga, kisha coredumpctl gdb 4127 aingie moja kwa moja ndani ya gdb, kifaa cha kuchunguzia programu. Ajue tu kwamba mhifadhi huyo ana kikomo chake cha ukubwa, na hufagia dampu za zamani bila kuaga.

Kikwazo cha tatu ni ruhusa, na ndicho kilichoniangusha mimi. Programu yangu ilikuwa inafanyia kazi kwenye mzizi wa diski, / yenyewe, kama zilivyo huduma nyingi za nyuma ya pazia, na ilikuwa inaendeshwa na mtumiaji mnyonge asiye na haki ya kuandika hapo. Kiini kilijaribu, kikakataliwa, kikanyamaza. Kuna na kisa cha jirani: programu inayoanza kama mtumiaji mkuu kisha ikajishusha kuwa mtumiaji wa kawaida hupokonywa haki ya kutoa dampu, kwa sababu huenda bado imebeba siri za bosi wake wa zamani. Hiyo kwa kawaida hujirudishia haki yenyewe ndani ya msimbo, kwa prctl na PR_SET_DUMPABLE, na aliyeiandika awe amelifikiria hilo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyonipa jina la hotuba hii. Inaitwa gcore, na inakuja pamoja na gdb:

gcore -o /var/tmp/foleni 4127

Inajishikiza kwenye mchakato kwa ptrace, njia ya kiini ya kuuruhusu mchakato mmoja uchunguze mwingine, inasimamisha nyuzi zote, inanakili kumbukumbu kwenye faili la /var/tmp/foleni.4127, kisha inajibandua. Programu inaendelea pale ilipoachia kana kwamba ilipepesa macho. Haijali ulimit, haijali core_pattern, na faili liko pale ulipoagiza. Vikwazo vyote vitatu nilivyovihesabu hapa havina nguvu, ingawa programu iliyopokonywa haki ya dampu itakutaka uje kama mtumiaji mkuu.

Nimesema kupepesa macho, lakini piga hesabu kabla hujaiamini. Programu yenye GB 30 za kumbukumbu, kwenye diski inayoandika MB 500 kwa sekunde, itasimama dakika nzima. Kama kuna mwangalizi anayeigongea mlango kila sekunde kumi na kuiua isipoitika, ataiua ukiwa katikati ya kupiga picha, na utabaki na nusu ya picha. Mnyamazishe mwangalizi kwanza, au iondoe seva hiyo kwenye mzunguko wa maombi. Angalia pia nafasi ya diski. Dampu iliyokatika kwa diski kujaa inafunguka, gdb italalamika kwamba faili ni pungufu, na kwa masikitiko utakuta kilichokosekana ndicho ulichokitaka. Ukubwa wenyewe nao unadanganya: dampu nyingi zina mashimo ndani yake, yaani sehemu tupu zisizochukua nafasi, ls inaweza kukuonyesha GB 30 huku du, inayopima nafasi halisi ya diski, ikisema 4. Ukizinakili kwa pupa mashimo hujazwa sifuri halisi. Zibane kwa zstd kabla ya kuzisafirisha.

Kwenye baadhi ya mashine gcore itakataa na kusema huna ruhusa, hata kama mchakato ni wako mwenyewe. Huyo ni Yama, mlinzi ndani ya kiini. Faili la /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope likiwa na 1, mchakato unaweza kujishikiza kwa uzao wake tu, wengine hapana. Tumia sudo. Ndani ya kontena mara nyingi utahitaji uwezo wa SYS_PTRACE, na wengi hugundua saa nane usiku kwamba hawana.

Kuna mbinu ya tatu, ya wale wanaoandika programu zenyewe. Ndani ya msimbo unaita fork, inayozalisha nakala ya mchakato, na mtoto anayezaliwa anaita abort. Mtoto anakufa na kuacha dampu, mzazi hajakatika pumzi hata kidogo, maana kurasa za kumbukumbu wanagawana hadi mmoja aandike juu yake. Ni mbinu ya kijanja kwa kukamata hali fulani isiyotarajiwa katikati ya kazi. Ila ina kilema kikubwa: fork humzalisha uzi mmoja tu, ule ulioiita. Data yote utaikuta, staki za nyuzi nyingine hutaziona zikitembea. Kwa ugonjwa wa kugandana haifai, kwa ugonjwa wa data iliyoharibika inafaa sana.

Na wenye lugha zenye mashine zao ndani, tahadhari. Ukituma ishara ya 3 kwa programu ya Java haifi wala haitoi dampu. Inaandika hali ya nyuzi zote kwenye towe lake na kuendelea na shughuli, jambo ambalo mara nyingi ndilo ulilolihitaji. Ukitaka lundo la data lake, jcmd 4127 GC.heap_dump na njia ya faili. Go ikipokea ishara hiyo huandika staki za gorutini zote, yaani nyuzi nyepesi za Go, na kujizima; dampu kamili utaipata ukiwa umeiwasha na GOTRACEBACK=crash. Python utakayoifungua kwa gdb itakuonyesha matumbo ya mkalimani wake kwa lugha ya C, labda uwe na viongezo vya kuyafasiri. Kwa hao anza na vifaa vyao wenyewe, dampu iwe akiba.

Haya, turudi kwenye kisa changu, maana naona mnataka kujua.

Mara ya tano ilikuja usiku wa Jumanne. Safari hii nilikuwa na karatasi ubavuni mwa kompyuta yenye mistari miwili. Nikapiga gcore, ikachukua sekunde kama kumi na tano, faili la GB 9. Nikanakili na programu yenyewe, ileile iliyokuwa inatembea, kwa sababu dampu bila programu yake ni barua bila ufunguo wa kuisomea. Ndipo nikaiwasha upya. Malipo yalichelewa zaidi ya siku zote kwa muda usiofika dakika moja. Nikalala.

Asubuhi nikafungua:

gdb ./foleni foleni.4127

Amri ya kwanza ninayoandika kila mara, kabla sijafikiri, ni hii:

thread apply all bt

Inataja staki ya kila uzi, kutoka uliposimama hadi ulikozaliwa. Nilikuwa na nyuzi 40. Nikaanza kushuka nazo. Uzi wa kwanza: umesimama kwenye __lll_lock_wait, yaani unasubiri kufuli, kile kinachoruhusu uzi mmoja tu kugusa data fulani kwa wakati mmoja. Wa pili: unasubiri kufuli. Wa tatu, wa nne, wa tano, hivyohivyo. Nyuzi 38 zote zimepanga foleni kwenye kufuli. Watu 38 wakisimama mlangoni, swali haliwi kwa nini wamesimama. Swali ni nani yuko ndani.

Kufuli la pthread, maktaba ya nyuzi, kwenye Linux linajibu swali hilo lenyewe, na hili ni jambo ambalo natamani ningeambiwa miaka kumi mapema. Nikapanda fremu, yaani hatua za staki, moja moja hadi kwenye msimbo wetu, nikachapisha kufuli lenyewe:

print kufuli_akaunti

Kati ya namba zilizotoka kulikuwa na __owner = 4139. Hiyo ni namba ya uzi ulioshika. Nikaandika info threads, nikatafuta LWP 4139 (LWP ndivyo gdb inavyoitaja namba hiyo): ni uzi wa kumi na mbili. Nikahamia kwake nikitarajia kumkuta amezama kwenye hifadhidata au kwenye mtandao. Naye anasubiri kufuli! Jingine, kufuli_ripoti. Nikalichapisha hilo: __owner = 4133. Nikamwendea 4133, uzi wa sita. Anasubiri nini? kufuli_akaunti, lile lililo mkononi mwa 4139.

Mmoja ana kinu, mwingine ana mchi, kila mmoja anamngoja mwenzake amwachie. Wangengoja hadi kiama.

Nilichukua kama dakika ishirini kutoka kufungua faili hadi kulijua hilo. Usiku mitatu wa kuwasha upya, usiku mmoja wa kuua bila maiti, wiki za kusoma logi zisizo na neno, na jibu lilikuwa limelala kwenye kumbukumbu wakati wote huo, limeandikwa namba. Njia moja ya msimbo ilikuwa inashika akaunti kwanza kisha ripoti. Njia nyingine, iliyoongezwa baadaye na mtu mwingine kwa nia njema, ilishika ripoti kwanza kisha akaunti. Zikikutana kwa bahati mbaya ya sekunde moja, basi. Marekebisho yalikuwa kuhamisha mstari mmoja juu ya mwingine. (Mtu huyo mwingine, kwa wale mnaocheka kule mbele, nilikuwa mimi. Historia ya msimbo haisahau.)

Nataka mjue kwamba usomaji ule uliwezekana kwa sababu simboli, yaani majina ya kazi na vigeu yanayooanishwa na anwani, zilikuwepo. Ukikompaili bila -g, au ukizing'oa simboli na kuzitupa, utapata orodha ya anwani tupu na alama za kuuliza. Hulazimiki kupeleka simboli kwenye seva. Zing'oe, lakini ziweke mahali, ukizipanga kwa kitambulisho cha ujenzi ambacho kiunganishi hukiandika ndani ya programu. Gdb hukitumia kitambulisho hicho kuoanisha, na seva ya debuginfod inaweza kukugawia simboli kwa mtandao. Programu iliyojengwa upya leo kutoka msimbo uleule haitakufaa kwa dampu ya jana, anwani zinaweza kuhama. Na kwa msimbo ulioboreshwa kwa -O2, mtazoea kuambiwa kwamba kigeu fulani kimeondolewa na kompaila. Panda fremu moja juu, mara nyingi thamani ileile ilipitia huko.

Nije kwenye jambo ambalo wenzangu wa usalama wangenitoa jukwaani nisipolisema. Dampu ni kumbukumbu yote. Ndani yake kuna nywila zilizokuwa zinasubiri kukaguliwa, funguo za siri, namba za wateja, ujumbe wa watu uliofunguliwa usimbaji wake. Endesha strings, amri inayochomoa maandishi yanayosomeka, juu ya dampu ya seva yoyote ya wavuti, utaona aibu. Septemba 2023 Microsoft ilipoeleza jinsi wadukuzi iliowaita Storm-0558 walivyoweza kupata ufunguo wake wa kusaini, dhana yake ilikuwa kwamba ufunguo ulinaswa ndani ya dampu ya mfumo ulioanguka Aprili 2021, kisha dampu ikahamishwa kutoka mtandao uliotengwa kwenda kwenye mazingira ya kutafutia hitilafu. Machi 2024 kampuni hiyo ikasahihisha maelezo yake, ikasema haikuwa imepata dampu yenye ufunguo huo. Lakini angalieni: dhana ile ilionekana ya kawaida kabisa kwa kila mhandisi aliyeisoma. Hakuna aliyeshangaa kwamba dampu inaweza kubeba ufunguo.

Kuna hatua za kupunguza madhara. Programu inaweza kumwambia kiini, kwa madvise na MADV_DONTDUMP, kwamba eneo fulani la kumbukumbu lisiingizwe. Uwezo huo upo tangu Linux 3.4, na mahali pa funguo ndipo pa kuutumia. Faili la /proc/4127/coredump_filter lina biti za kuchagua aina gani za kumbukumbu ziingie, kawaida yake ni 33 kwa hesabu ya heksa, na gcore nayo huiheshimu usipoitaka ichukue vyote kwa -a. Zaidi ya hapo ni adabu: folda isomwe na wachache, dampu isitumwe kwa barua pepe, isipandishwe kwenye hifadhi ya wazi, na ifutwe kazi ikiisha. Ile ya GB 9 niliifuta Ijumaa ya wiki ileile, na nikamwomba mwenzangu ashuhudie nikiifuta.

Na kuna siku dampu haitatoka hata ufanyeje. Ukiangalia ps ukaona herufi D kwenye hali ya mchakato, ujue umezama ndani ya kiini ukingoja diski au hifadhi ya mtandao, na hausikii ishara yoyote. gcore nayo itakwama ikiungoja. Hapo programu yako haina hatia. Soma /proc/4127/stack kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu uone kiini chenyewe kimekwama wapi.

Zimebaki dakika chache, na wengi wenu mna kompyuta mapajani. Zifungueni. Andikeni sleep 1000 na alama ya & mwishoni ili ilale pembeni, kisha gcore $! mara moja ($! ni namba ya mchakato huo). Baadhi yenu mmeshakataliwa, nawasikia. Huyo ni Yama niliyemsema, wekeni sudo mbele. Sasa fungueni faili kwa gdb, mkitaja na /usr/bin/sleep, kisha bt. Mnaona clock_nanosleep pale juu? Hapo ndipo ilipokuwa imelala mlipoipiga picha, na bado imelala, andikeni jobs mtaiona iko hai.

Naona mikono kule nyuma. Dada mwenye kitambaa cha kijani, anza wewe.